Pale Ambapo Kimelea Hakiwezi Kukwepa

Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona ndani ya damu ya askari mgonjwa viumbe vidogo vyenye chembechembe nyeusi. Miaka 17 baadaye, huko Secunderabad, India, Ronald Ross alipasua tumbo la mbu na kukuta weusi uleule. Ndio uliompa uhakika kwamba alichokuwa akikitazama ni malaria. Wote wawili walipata Nobel. Weusi wenyewe ulichukuliwa kwa muda mrefu kuwa alama tu ya kumtambulisha mhalifu. Ilichukua sehemu kubwa ya karne ya 20 kufahamika kwamba dutu hiyo, ambayo wanasayansi huiita hemozoini, ni takataka ya chakula cha kimelea, na kwamba baadhi ya dawa zilizookoa watu wengi kuliko nyingine zote huua kwa kuvuruga utupaji wa takataka hiyo.

Naanzia hapo kwa sababu swali linalostahili kuulizwa leo kuhusu dawa za malaria ni la umri wake. Kwa nini dawa moja hudumu miongo kadhaa na nyingine hushindwa kabla haijafika dukani? Jibu tulilolizoea ni la tabia: watu hawamalizi dozi, wengine humeza vidonge bila kupima, na vidonge vya bandia vimejaa mitaani. Yote hayo yapo. Lakini zipo dawa zilizoshindwa ndani ya hospitali, mikononi mwa madaktari bingwa, kwa wagonjwa waliosimamiwa kila walipomeza. Kwa hizo, jibu limo katika kemia ya kimelea.

Plasmodium falciparum, aina inayoua zaidi Afrika, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kukaa humo saa 48 hivi. Chembe hiyo imejaa himoglobini. Kimelea huimeza kidogo kidogo, huipeleka kwenye kifuko chake chenye tindikali, na humo vimeng'enya huikatakata hadi kuwa asidi amino. Mpaka kinapotoka, zaidi ya nusu ya himoglobini imekwisha kuliwa. Mlo huu una pengo moja: himoglobini ya mtu mzima haina isolusini, asidi amino ambayo kimelea hakiwezi kujitengenezea, hivyo ni lazima kiivute kutoka kwenye maji ya damu. Mlo huu una hatari kubwa pia. Himoglobini ikivunjwa huachia hemu, ile sehemu inayobeba chuma, na hemu isiyoshikiliwa na protini ni sumu inayotoboa utando wa seli. Sisi tuna kimeng'enya cha kuivunja hemu. Kimelea hakina njia hiyo, kwa hiyo huigandisha kuwa fuwele zisizo na madhara. Fuwele hizo ndizo weusi wa Laveran.

Klorokwini, iliyotengenezwa mwaka 1934 na Hans Andersag katika maabara za Bayer nchini Ujerumani, huingia moja kwa moja kwenye kifuko hicho. Ikikutana na tindikali hupata chaji ya umeme, na ikishaipata haiwezi kupenya utando kirahisi ili itoke, kwa hiyo hulundikana humo. Hujishikiza kwenye hemu na kuizuia isigande, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Hemu ni ya kwetu, imetengenezwa kwa maelekezo ya jeni za binadamu, na kimelea hakina jeni la kuibadilisha umbo ili klorokwini ishindwe kuishika. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuitoa dawa ndani ya kifuko. Mwaka 2000 watafiti walimtambua mhusika: protini ya kupitisha vitu iitwayo PfCRT, ambayo mabadiliko yake, hasa katika nafasi ya 76, huiwezesha kuisukuma klorokwini nje. Badiliko hilo halitoshi peke yake, hutakiwa mengine kadhaa pamoja nalo. Mkusanyiko wa namna hiyo ni nadra kiasi kwamba ulizuka mara chache tu duniani kote, na uliosambaa Afrika ni uzao wa ule wa Asia. Klorokwini ilianza kutumika kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili. Usugu ulionekana Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na Tanzania Bara haikuiacha hadi 2001. Dawa iliyouzwa kila kioski, iliyomezwa nusu dozi, na iliyowafanya watu wajikune usiku kucha, iliishi zaidi ya nusu karne. Kama matumizi mabaya pekee ndiyo yanayoua dawa, klorokwini ingekufa mapema kuliko zote.

Linganisha na pirimethamini, kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings waliotunukiwa Nobel mwaka 1988. Hii hulenga kimeng'enya cha kimelea chenyewe, DHFR, kinachohitajika katika kutengeneza DNA. Kimeng'enya ni protini, na maelekezo ya protini yamo katika jeni za kimelea. Badiliko moja tu, katika nafasi ya 108, linatosha kuanza kuilegeza dawa. Katika miaka ya 1950 pirimethamini iligawiwa kwa wanakijiji huko Muheza, Tanga, na usugu ulijitokeza katika muda wa miezi. Kuiunganisha na sulfadoksini, mchanganyiko tuliouzoea kwa jina la Fansidar au SP, kuliongeza maisha yake, lakini si sana. Tanzania iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, na kufikia mwisho wa 2006 ilikuwa inaiacha. Vimelea vyenye mabadiliko matatu kwa pamoja katika jeni hilo vilikuwa tayari vimeingia Afrika, navyo pia vikiwa na asili ya Asia ya Kusini-Mashariki. Leo SP imebaki hasa kwa ajili ya kinga, kwa wajawazito kliniki na, katika baadhi ya nchi, kwa watoto wachanga.

Njia ya foleti, ambayo DHFR ni sehemu yake, iliwapa watafiti mafunzo mawili. La kwanza lilitoka Thailand. Yongyuth Yuthavong na wenzake wa taasisi ya BIOTEC walichapisha mwaka 2003 umbo la kimeng'enya cha DHFR, atomu kwa atomu, kikiwemo kile kilichobadilika. Wakaona kwamba pirimethamini hujitokeza nje kidogo ya eneo ambalo kitu cha asili hukaa. Badiliko linaloigonga sehemu hiyo iliyojitokeza huifukuza dawa bila kukisumbua kimeng'enya. Wakaunda kiambato kingine, P218, kinachojikunja na kukaa ndani ya mipaka ileile ya kitu cha asili. Kimelea kikikikataa kitakuwa kinakataa pia kile kinachokihitaji. P218 imefika hatua ya kujaribiwa kwa watu wa kujitolea. Iwe dawa au isiwe, wazo lake naliona kuwa mojawapo ya mawazo safi kabisa katika fani nzima.

Funzo la pili ni chungu, na linatuhusu. Mchanganyiko wa kloproguanili na dapsoni, uliopewa jina la Lapdap, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya watafiti wa Kilifi. Ulilenga vimeng'enya vilevile vya SP lakini ulitoka mwilini haraka, hivyo haukuacha mabaki hafifu ya kuvizoesha vimelea dawa. Hoja ya kikemia ilikuwa nzuri, na dawa ikaidhinishwa mwaka 2003. Mwaka 2008 ikaondolewa, kwa kuwa dapsoni huvunja chembe nyekundu za watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Upungufu huo umeenea Afrika kwa sababu huwapa watu kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa maneno mengine, malaria yenyewe, kwa kuchuja vizazi vyetu, ndiyo iliyoandaa miili isiyoweza kuistahimili dawa hiyo.

Mfano mkali zaidi wa dawa kushindwa haraka ni atovakwoni. Hii huziba mnyororo wa kusafirisha elektroni ndani ya mitokondria. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba kimelea huhitaji mitokondria kwa ajili ya nishati, kama sisi. Mwaka 2007 kundi la Akhil Vaidya huko Philadelphia lilionyesha kwamba kimelea kilichomo katika damu hupata nishati yake kwa kuvunja glukosi nje ya mitokondria, na kwamba mnyororo ule hukihudumia kimeng'enya kimoja tu, DHODH, kinachotengeneza pirimidini, malighafi ya DNA. Sisi tunaweza kuokota pirimidini zilizokwisha kutengenezwa. Kimelea hakiwezi. Lengo linaonekana zuri ajabu. Hata hivyo, atovakwoni ilipojaribiwa peke yake Thailand miaka ya 1990, ugonjwa uliwarudia karibu theluthi ya wagonjwa, kwa badiliko moja katika nafasi ya 268 ya protini moja. Ndiyo maana haitolewi bila proguanili.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2016 kundi la Geoffrey McFadden la Melbourne lilionyesha kwamba vimelea vyenye badiliko hilo hustawi katika damu ya binadamu lakini hushindwa kumaliza safari ndani ya mbu, kwa sababu huko mitokondria inahitajika kweli. Usugu huo huzaliwa upesi na kwa kawaida hufa pamoja na homa ya mgonjwa mmoja. Kumbe kasi ya kuzaliwa kwa usugu haitoshi kuihukumu dawa. Inabidi tuulize pia usugu huo unamgharimu nini aliye nao, na wapi. Malawi ilitupa ushahidi wa swali hilohilo kwa klorokwini: iliiacha mwaka 1993, vimelea sugu vikapungua mpaka kutoweka, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 klorokwini iliponya watoto kwa asilimia 99. Mzigo wa PfCRT iliyobadilika, pale ambapo hapakuwa tena na dawa ya kuuhalalisha, ulikuwa mzito mno.

Kuhusu artemisinini, hadithi ya Tu Youyou imesimuliwa sana, nami nitachukua kipande kimoja tu. Wenzake walikuwa wakichemsha mmea wa Artemisia annua na kupata matokeo yasiyotabirika. Mwaka 1971 alitumia etha, inayochemka kwa joto dogo, na dondoo likafanya kazi. Nguvu ya artemisinini imo katika daraja la atomu mbili za oksijeni, na daraja hilo huvunjwa na joto. Ndani ya kimelea huvunjwa na chuma cha hemu, ile ile ya takataka nyeusi. Linapovunjika, molekuli huwa kali na kujigandisha kwenye chochote kilicho karibu. Utafiti wa 2015 ulihesabu protini 124 zilizoshikwa kwa namna hiyo. Dawa inayogonga protini 124 haiwezi kukwepwa kwa kubadilisha protini moja. Hivyo ndivyo wengi tulivyofikiri.

Kimelea hakikubadilisha hata moja kati ya shabaha hizo. Kilipunguza kula. Badiliko katika protini iitwayo Kelch13, lililotambuliwa mwaka 2014 kwa vimelea vya Kambodia, lilibaki fumbo hadi 2020, pale watafiti wa Hamburg walipoonyesha kwamba Kelch13 hushiriki katika kumeza himoglobini wakati kimelea kikiwa kichanga. Ikilegea, himoglobini kidogo huingia, hemu kidogo huachiwa, na artemisinini haipati chuma cha kuiwasha. Kwa kuwa artemisinini hukaa mwilini saa chache tu, kimelea kinachofunga kwa muda huo mfupi huamka dawa ikiwa imekwisha. Gharama yake ni ukuaji hafifu, maana aliyepunguza mlo hupungukiwa asidi amino, na himoglobini, kama tulivyoona, tangu mwanzo ni mlo wenye pengo. Ndiyo maana wataalamu huuita usugu wa kiasi: kimelea huchelewa kufa, lakini dawa mwenza inayotolewa pamoja na artemisinini katika dawa mseto bado humalizia kazi.

Na safari hii usugu haukuletwa kutoka Asia. Aline Uwimana na wenzake walipochapisha mwaka 2020 taarifa za badiliko la 561H nchini Rwanda, uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba limezuka hapohapo. Kaskazini mwa Uganda yalijitokeza mabadiliko mengine mawili, Eritrea jingine. Mkoani Kagera, hasa Karagwe, Deus Ishengoma wa taasisi ya utafiti ya NIMR na wenzake walilikuta 561H kwa wingi, pamoja na wagonjwa ambao siku ya tatu ya tiba bado walionekana na vimelea katika damu. ALu, yaani mseto wa artemetha na lumefantrini, iliendelea kuponya. Kinachobeba uponyaji huo ni lumefantrini, dawa inayofyonzwa vibaya ikimezwa bila chakula chenye mafuta. Mgonjwa wa Karagwe anayemeza vidonge vyake kwa chai ya rangi huenda anabaki na nusu ya kinga aliyopewa.

Upande wa dawa wenza kuna jambo la kikemia ambalo, kwa maoni yangu, sera zetu hazijalitumia ipasavyo. Zanzibar ilichagua artesunati na amodiakwini mwaka 2003. Bara ikachagua artemetha na lumefantrini. Amodiakwini huchuja vimelea kuelekea PfCRT iliyobadilika, ilhali lumefantrini huvichuja kuelekea PfCRT ya asili. Kinachokikinga kimelea dhidi ya dawa moja hukifanya dhaifu mbele ya nyingine. Kuzitumia kwa kupokezana, au kwa pamoja katika mseto wa dawa tatu, ni kukibana kimelea pande mbili zinazopingana. Majaribio ya mseto wa dawa tatu yamefanyika Asia na Afrika, na hayahitaji molekuli mpya hata moja.

Molekuli mpya hutafutwa vipi? Msingi ulijengwa mwaka 1976, William Trager na James Jensen wa New York walipofanikiwa kukuza P. falciparum kwenye sahani za maabara, wakipunguza oksijeni kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa. Tangu hapo kiambato chochote kinaweza kumwagiwa vimelea na kuangaliwa kama vitakufa. Mwaka 2010 maabara ya GSK huko Tres Cantos, Hispania, ilitangaza kwamba imepima karibu viambato milioni mbili na kupata 13,533 vinavyozuia kimelea, ikaviweka wazi kwa watafiti wote. Wingi huo unaweza kumdanganya mtu. Kuua kimelea kwenye sahani ni rahisi, hata jiki hukiua. Kazi inaanza pale kiambato kinapotakiwa kufyonzwa na utumbo, kupita kwenye ini bila kuharibiwa, kubaki katika damu kwa saa za kutosha, kutomdhuru mtoto aliye tumboni, na kugharimu fedha ambayo mama wa Kigoma au Kwale anaweza kuitoa.

Kwa hiyo nasoma kwa tahadhari zile habari zinazotoka kila mwaka kwamba mmea fulani wa kwetu umethibitishwa kutibu malaria. Muarubaini una gedunini, na gedunini hukidhuru kimelea kwenye sahani. Panya wakipewa, matokeo huwa hafifu. Heshima kwa mizizi ya mababu haipungui kwa kulisema hilo. Kwinini na artemisinini zote zilitoka kwenye mimea, lakini kila moja ilipita mikononi mwa wakemia waliotenga kiini chake na kujua kiasi chake. Chai ya artemisia haina kiasi kinachojulikana, na dozi pungufu ya artemisinini katika eneo lenye 561H ni kuvisaidia vimelea vijichuje.

Kati ya viambato vya karne hii, sipargamini ndiyo inayonivutia kwa kasi yake. Huziba PfATP4, pampu ambayo kimelea hutumia kutoa sodiamu. Chumvi hujaa ndani, na katika jaribio la Thailand idadi ya vimelea ilipungua nusu kwa muda usiofika saa moja. Ajabu ni kwamba viambato 28 kati ya 400 vya mkusanyo mmoja maarufu wa majaribio, visivyofanana kwa umbo, viligundulika kuivuruga pampu hiyohiyo. Huenda hilo linatuonya kwamba njia yetu ya kutafuta inaturudisha mlango uleule. Lakini pampu ni protini, na maabara zimekwisha kupata vimelea vyenye PfATP4 iliyobadilika. MMV048 ya Kelly Chibale na kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town ililenga kimeng'enya kingine kabisa, PI4K, na ikafika kwa wagonjwa nchini Ethiopia kabla ya kusimamishwa. Wapo wanaoihesabu kuwa imeshindwa. Mimi nahesabu kwamba bara linalobeba takriban asilimia 95 ya vifo vya malaria sasa lina watu waliokwisha kuipitisha molekuli yao hatua zote hizo, na wanajua ilikwama wapi.

Aliyekaribia dukani kuliko wote ni ganaplasaidi. Novemba 2025 Novartis na taasisi ya MMV ya Geneva walitangaza matokeo ya jaribio la mwisho, katika nchi 12 za Afrika na watu zaidi ya 1,600: asilimia 97.4 walipona, dhidi ya asilimia 94.0 kwa ALu. Inaelekea kuvuruga usafirishaji wa protini ndani ya kimelea, njia isiyoguswa na dawa yoyote iliyo sokoni, na huua pia vimelea vinavyosubiri kumezwa na mbu. Huja kama chenga za kumeza mara moja kwa siku, kwa siku tatu. Maabara imeonyesha kwamba kimelea kinaweza kuilegeza kwa kubadilisha mojawapo ya jeni tatu tofauti, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuwa ndiyo shabaha yenyewe. Na mwenza aliyepewa wa kuilinda ni lumefantrini, ileile ambayo tumeitegemea Bara tangu mwaka 2006, ambayo huko Karagwe tayari imebeba mzigo wa wawili.